Sarafu tatu katika shamba la ufuta: je, ninunue mashine ya kutafutia nyingine?

Swali: "Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mkulima wa ufuta na korosho mkoani Lindi, upande wa bara, mwendo mfupi kutoka baharini. Msimu huu, wakati wa kupalilia, mke wangu aliokota sarafu tatu ndogo zenye ukijani, kila moja ikiwa na upana unaokaribia ule wa dole gumba, na upande mmoja kuna maandishi yanayofanana na Kiarabu. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasema ipo mashine inayouzwa shilingi 1,500,000 ambayo huona dhahabu na fedha hadi mita 15 chini ya ardhi, na amenionyesha video za Wazungu wakipata sarafu mashambani na kutajirika. Wazee wa hapa nao husema Wajerumani walifukia mali zao walipokuwa wakikimbia vita. Tayari amekuja mtu nisiyemfahamu kuuliza bei ya hizo tatu. Shamba ni letu tangu enzi za baba. Je, ninunue mashine hiyo? Na nikitoa taarifa serikalini, hawatalichukua shamba?"

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako lina maswali manne ndani yake: mashine inaweza nini, sheria inasema nini, sarafu hizo zina thamani gani, na shamba lako liko salama kiasi gani. Nitayajibu yote, lakini nianze na lile la fedha, kwa kuwa huenda shemeji yako anasubiri umtumie. Usinunue mashine hiyo. Hakuna chombo cha kushika mkononi kinachoiona sarafu iliyo mita 15 ardhini, wala mita 5, wala mita 2. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo ama hajui anachokiuza ama anajua vizuri sana.

Ili usichukue neno langu kwa imani tu, nieleze mashine za kweli zinavyofanya kazi. Detekta, kama wengi wanavyoiita, ina sahani ya duara mwishoni mwa mpini, na ndani ya sahani hiyo kuna koili za waya. Umeme unaobadilika-badilika ukipita katika koili moja, huzalisha uga sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikutana na kitu cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, nayo mikondo hiyo huzalisha uga wake dhaifu unaorudi juu na kupokewa na koili nyingine. Mlio unaousikia ni taarifa kwamba kuna kitu kimeitikia. Mashine haijaona chochote. Imeita ikaitikiwa, kama mtu anayebisha hodi nje ya nyumba yenye giza.

Shida ni umbali. Uga unaotoka kwenye koili hudhoofika kwa kasi kubwa kadiri unavyoshuka, na mwitikio unaorudi hudhoofika kwa kasi hiyo hiyo wakati wa kupanda, kiasi kwamba kwa kitu kidogo, kina kikiongezeka mara mbili, ishara inayorudi hupungua takribani mara 64. Ndiyo maana mashine nzuri, ikiwa mikononi mwa mtu aliyeizoea, huipata sarafu moja iliyo kwenye sentimita 20 au 25, pengine 30 udongo ukiwa mpole. Chungu kilichojaa sarafu au sufuria ya shaba vinaweza kuitikia kutoka chini zaidi kwa sababu ni vikubwa, lakini bado tunazungumzia mita moja au karibu na hapo. Kuongeza bei ya mashine hakuondoi kanuni hiyo ya maumbile. Vile vyombo vyenye fimbo mbili za antena ambavyo huelekea vyenyewe upande wenye dhahabu havina tofauti na ramli, ila ramli huwa na bei nafuu.

Udongo wenyewe pia husema. Ardhi nyekundu yenye oksidi nyingi za chuma huitikia mashine kana kwamba nayo ni metali, na mchanga wa pwani uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo mashine hulia hovyo mahali pasipo na kitu. Zipo mashine za aina nyingine, zinazotuma mapigo mafupi ya umeme na kusikiliza baada ya kila pigo, ambazo huvumilia udongo wa namna hiyo vizuri zaidi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa mfano kule Chunya, wanazijua detekta, na ukimuuliza yeyote kati yao atakuambia kwamba kazi kubwa ya siku ni kufukua misumari. Kwako itakuwa misumari, vifuniko vya soda, vipande vya majembe, nyaya, betri za redio na mabaki ya mabati. Mashine huweza kukisia aina ya metali kwa kupima jinsi mwitikio unavyochelewa, lakini makisio hayo huchanganya ukubwa, umbo na aina ya kitu. Pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini vinaweza kutoa namba ile ile kwenye kioo. Neno "dhahabu" likiandikwa kwenye kioo cha mashine, limeandikwa na kiwanda.

Sasa nije kwenye video. Si za uongo zote, na sitakudanganya kwamba hakuna aliyetajirika. Mwaka 2009, katika shamba la mkulima mmoja huko Staffordshire, Uingereza, mtu mwenye detekta alipata hazina ya vitu vya dhahabu na fedha vya zama za Waanglo-Saksoni, watu wa kale wa Uingereza, ambayo dhahabu yake pekee ilikuwa takribani kilo 4. Ilithaminiwa kwa pauni 3,285,000, na fedha hizo ziligawanywa kati ya aliyeipata na mwenye shamba. Kinachokatwa kwenye video ni mfumo uliowezesha mgawanyo huo. England na Wales wana Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayomtaka anayepata kitu kinachohesabiwa kuwa hazina kutoa taarifa ndani ya siku 14. Wana maofisa mikoani ambao tangu mwaka 1997 wamekuwa wakiorodhesha vitu vinavyookotwa na raia, na orodha hiyo imepita vitu 1,000,000. Na hakuna anayeruhusiwa kuingia shamba la mtu bila ridhaa yake, wala kutumia detekta katika eneo la kihistoria lililolindwa bila kibali. Waliojaribu kuukwepa mfumo huo wamejuta. Watu wawili waliopata hazina ya enzi za Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, huko Herefordshire mwaka 2015, wakaificha na kuanza kuiuza kimya kimya, walifungwa mwaka 2019. Inakadiriwa kwamba hazina ile ilikuwa na sarafu 300 hivi. Hadi walipohukumiwa zilikuwa zimerudi 30 tu au zaidi kidogo, na zilizobaki zilikuwa zimetawanyika mikononi mwa wanunuzi.

Kwetu sheria ni nyingine, na hapa naomba unisome polepole. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kubadilishwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni kitu cha kale kinacholindwa. Kukitafuta kwa kuchimba, au kwa njia zinazofanana na kuchimba, kunahitaji leseni. Kukiuza au kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Na anayekiokota kwa bahati, kama mke wako alivyookota, anatakiwa kutoa taarifa. Sheria haikukatazi kupalilia ufuta wako wala haimhesabu mke wako kuwa mkosaji kwa kuinama na kuokota. Kosa linaanza pale mtu anapokusudia kutafuta na kufukua bila leseni, au anapokubali bei ya yule mgeni. (Wasomaji wa Kenya wana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na Zanzibar ina sheria yake, mwelekeo ni ule ule, lakini msichukue maneno yangu kuhusu Bara mkayapeleka huko yalivyo.)

Umetaja kwamba shamba ni lenu tangu enzi za baba. Hilo linakupa haki ya kulitumia na kulindwa katika matumizi hayo, na ni haki nzito. Lakini haki ya kulima juu haibebi umiliki wa kila kilichomo chini, kama vile mtu anayekuta mshipa wa dhahabu chini ya mihogo yake asivyoweza kuuchimba kwa sababu tu mihogo ni yake.

Kuhusu mali za Mjerumani, nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko maswali mengine yote, kwa hiyo nivumilie nikae hapo kidogo. Sarafu za Kijerumani zipo kweli. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Pesa zile za shaba zilikuwa na tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, jambo linalowachanganya wengi hadi leo. Kuanzia mwaka 1904 rupia iligawanywa kuwa heller 100, na kutokana na heller hizo sisi tukapata neno letu "hela". Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoitenga koloni na bahari, Wajerumani walilazimika kujitengenezea sarafu wenyewe huko Tabora mwaka 1916: heller za shaba na za shaba ya njano tunayoiita brasi, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Za dhahabu zilitoka 16,198 tu, na ndiyo maana hutafutwa sana na hughushiwa sana.

Lakini fikiri hesabu yake. Serikali ile ilifikia mahali pa kuchapisha noti za dharura ndani ya koloni, na za mwisho, za mwaka 1917, zilipigwa kwa mihuri ya mpira kwenye karatasi duni, kwa sababu hapakuwa na sarafu za kutosha kulipa askari na kununua chakula. Watu walioishiwa kiasi hicho hawakuwa na masanduku ya dhahabu ya kufukia kila kijiji walichopita. Naamini mtu mmoja mmoja alificha mfuko wake wa rupia, Mjerumani kwa Mswahili kwa Mhindi, maana vita ni vita. Hadithi za mapango yaliyojaa, za zebaki nyekundu, na za misalaba na mishale iliyochongwa kwenye mawe zimelisha matapeli wengi kuliko zilivyomlisha mkulima yeyote. Alama nyingi za aina hiyo nilizopelekwa kuzitazama zilikuwa za wapima ardhi. Mara moja nilikuta bikoni imeng'olewa na shimo la kimo cha mtu limechimbwa chini yake, na wenye mashamba mawili jirani wamebaki na kesi ya mpaka ambayo hawakuwa nayo kabla.

Liko jambo moja la vita hivyo ambalo ni la kweli na linaweza kukudhuru. Mwezi Julai 1917 palipiganwa vita vikali Narungombe, bara ya Kilwa, na Oktoba mwaka huo huo Mahiwa, bara ya Lindi, vikihusisha mizinga na bunduki za rashasha. Risasi na makombora ambayo hayakulipuka hukaa ardhini miaka mingi, na detekta huyashangilia kwa sauti kubwa kuliko inavyoishangilia sarafu, kwa sababu ni makubwa. Mtu asiyejua akisikia mlio huo hupiga jembe kwa nguvu zaidi. Ukikuta kitu cha chuma chenye umbo la pipa dogo au la risasi kubwa, iwe leo au baada ya miaka kumi, usikiguse, usikimwagie maji, wala usikisogeze ili kupima uzito. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, na wapigie polisi.

Tuzirudie sarafu zako, kwani ndizo zinazonivutia. Ulivyozieleza, zina ukubwa wa fulusi za shaba zilizopigwa Kilwa wakati wa masultani wake, ambazo upana wake kwa kawaida ni kama sentimita 2. Fulusi hizo zina uzuri wake wa pekee: upande mmoja huwa na jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman yule aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Kilwa, katika karne ya 14, na upande wa pili sifa ya Mwenyezi Mungu inayofanya kina na jina hilo, hivyo sarafu nzima ni shairi la mistari miwili linaloshikika kwenye vidole. Lakini huenda zako si hizo. Ukiona picha ya mizani, yaelekea ni pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1882 au sarafu ya Kihindi ya karne hiyo ya 19. Ukiona tai, ni pesa ya Mjerumani niliyoitaja. Hizo za Barghash na za Mjerumani ni za baada ya mwaka 1863, kwa hiyo kisheria haziko katika fungu moja na fulusi za Kilwa, ingawa ningekushauri umwachie ofisa husika aamue, usiamue wewe kwa tochi ya simu.

Tuseme ni fulusi za Kilwa. Bei yake? Zimekwishapatikana kwa maelfu, hasa Kilwa Kisiwani na Mafia, na moja moja ni kitu cha bei ndogo hata huko nje zinakouzwa kwa wakusanyaji. Ungeziuza tatu zote, usingefika hata karibu na bei ya ile mashine. Anayekuja kijijini kuuliza bei analijua hilo. Anachokitafuta kwako ni mahali. Akishalijua shamba, atarudi usiku na wenzake na mashine zao, na asubuhi utakuta mashimo badala ya ufuta. Nimekwishayaona mashimo hayo, na mwenye shamba akahojiwa yeye kwanza.

Thamani ya sarafu zako kwa wanaosoma historia haitokani na shaba yake. Fulusi za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Jina la sultani linaweza kusomwa, lakini ni lini alitawala, na sarafu yake ilitumika kwa muda gani baada yake, mara nyingi ni udongo ulioizunguka ndio unaojibu: ilikuwa pamoja na vigae gani vya vyungu, ilikuwa juu au chini ya sakafu ya chokaa, ilikuwa karibu na mkaa unaoweza kupimwa umri. Huko Songo Mnara, ng'ambo tu ya Kilwa Kisiwani, watafiti walifukua akiba ya fulusi zaidi ya 300 ikiwa bado mahali ilipowekwa, ndani ya nyumba ambayo umri wake unajulikana. Kwa sababu hiyo waliweza kuonyesha kwamba sarafu zenye jina la Nasir ad-Dunya, ambazo wataalamu walikuwa wakizibishania, ni za karne ya 14 au mwanzo wa karne ya 15, na kwamba sarafu za masultani waliotangulia zilikuwa bado katika matumizi pamoja nazo. Fulusi hizo hizo, zingeng'olewa moja moja kwa detekta na kutiwa kwenye kopo, zingekuwa shaba 300 zisizo na la kusema.

Upande wa pili wa mfano huo uko mbali sana na Lindi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamu katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo, alikuta sarafu kwenye mchanga akiwa anavua, akazitia kwenye kopo na kuzisahau. Miaka ya baadaye zilipotambuliwa, tano zilikuwa za Kilwa na nne za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Alikuwa amechora alama kwenye ramani, nayo ilisaidia kiasi, lakini hakuna aliyeona zililalaje ardhini wala zilikuwa na nini kando yake. Hadi leo watu wanabishana: je, zilifika na jahazi, na Mholanzi, au na mvuvi wa visiwani? Fulusi za Kilwa zimefika hadi Australia, na sisi wenyewe hatuwezi kusema zilifikaje.

Kwa hiyo usinielewe kwamba nakukataza kutazama. Shamba lako linaweza kusomwa kwa macho vizuri kuliko kwa mashine. Tabaka la juu, la kina cha jembe, limekwishavurugwa na vizazi vya wakulima, na vitu vinavyojitokeza humo baada ya mvua tayari vimehama kutoka vilipokuwa. Hapo hakuna madhara ukipita ukitazama. Tabaka lililo chini ya jembe ndilo lisilotakiwa kuguswa, na kwa bahati mbaya ndilo detekta inalokushawishi kulifukua. Pita mvua ikishakatika na jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, mwanga ukiwa wa mlalo. Usitafute sarafu peke yake. Tazama vigae vya vyungu vyenye michoro ya kukwaruza, vipande vyeupe vinavyong'aa vya vyombo vya Kichina, shanga ndogo za kioo, mavi ya chuma yanayoachwa na wafua chuma, na mawe ya matumbawe mahali ambapo hayakupaswa kuwa. Viwili vitatu kati ya hivyo vikiwa pamoja na sarafu zako, basi hapo palikuwa na makazi ya watu, na jambo hilo ni kubwa kuliko sarafu 30. Viache vilipo, piga picha kwa simu ukiweka sarafu ya shilingi 200 kando ili ukubwa uonekane, na simu yako ikiwa na ramani, hifadhi namba za mahali.

Hizo tatu mlizokwisha kuziokota zitunzeni zilivyo. Najua mkono unawasha kuzisugua kwa limau, majivu au steliwaya, na nakuomba usifanye hivyo. Ule ukijani ni ngozi ambayo shaba imejitengenezea, na maandishi mara nyingi yamebaki ndani ya ngozi hiyo, si chini yake. Ukiisugua unaondoka na jina la sultani. Liko tatizo jingine la pwani. Chumvi ya bahari iliyoingia kwenye shaba, ikikutana na unyevu na hewa, huanzisha asidi inayoila shaba, na kila inapokula hutokea chumvi mpya ya kuendeleza kazi ile ile. Dalili yake ni unga wa kijani kibichi hafifu unaopukutika. Hauzuiliki kwa dawa ya nyumbani, lakini hupungua kasi sana sarafu ikiwa kavu. Basi usiziloweke majini wala usizifunge kwenye mfuko wa nailoni. Zifunge kila moja kwenye karatasi yake, andika juu yake tarehe na mahali ilipookotwa kwa hatua kutoka kitu kisichohama, mfano mkorosho mkubwa wa mpakani, kisha ziweke zote katika kopo kavu.

Sasa hofu yako ya mwisho, ambayo nadhani ndiyo ya kwanza moyoni. Je, shamba litachukuliwa? Sarafu tatu zilizookotwa kwenye udongo uliolimwa si sababu ya kulichukua shamba la mtu. Ili eneo liwe hifadhi ya mambo ya kale ni lazima litangazwe rasmi, na ardhi yenye mtumiaji halali ikihitajika kwa manufaa ya umma, sheria za ardhi zinadai fidia. Hata hivyo nisikupambie: endapo patathibitika kuwa na mji wa kale, unaweza kuombwa usichimbe kisima au msingi wa nyumba mahali fulani, na majadiliano hayo yanaweza kuchukua muda na kukuchosha. Pia usitarajie zawadi ya fedha kama ile ya Staffordshire. Unachoweza kudai, na ni haki kudai, ni hati ya makabidhiano yenye idadi ya vitu, picha zake, jina na saini ya aliyevipokea. Ofisa akikataa kuandika, rudi navyo nyumbani na umtafute mwingine.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mwone mtendaji wa kijiji ili pawe na shahidi, kisha nenda kwa ofisa utamaduni wa wilaya au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe. Wa Lindi mna bahati kwamba Kilwa ina watu wa kazi hiyo kwa sababu ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Yapo mambo ambayo hayangoji siku ya soko: ukikuta chungu chenye sarafu nyingi kwa pamoja, mifupa ya mtu, au ukuta, simamisha jembe, funika kwa udongo ule ule ulioutoa, na uende siku hiyo hiyo, bila kuondoa hata kimoja. Na yule mnunuzi akirudi, au akianza kukutisha, hilo ni la polisi na la mwenyekiti wako wa kitongoji. Mwambie tu kwamba sarafu zimekwishaandikishwa, ukishaziandikisha.

Ikiwa hamu ya kutafuta bado inakuwasha baada ya haya yote, nami siilaumu kwa kuwa ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii, ipo njia yake. Idara ya Akiolojia na Mafunzo ya Urithi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti wengine wenye leseni huajiri wenyeji wanapofukua maeneo ya pwani, na wakati mwingine hutumia detekta hizo hizo, ila kila kinacholia hupimwa mahali pake kabla hakijatolewa. Mwambie ofisa utamaduni kwamba uko tayari kuitwa. Kuhusu zile shilingi 1,500,000, mpe shemeji jibu la hapana, na kabla ya trekta au jembe kurudi msimu ujao, pigilia vijiti vinne kuzunguka mahali mke wako alipookota, hatua kumi kila upande, ufuta upandwe nje ya hapo hadi mtu wa mambo ya kale afike kupatazama. Aje naye mkeo siku hiyo. Yeye ndiye anayekumbuka jembe lilikuwa limeshuka kiasi gani.